Edgar au Edgard? Jina la Varèse, na la babu yako, kwenye kumbukumbu za zamani

Toleo lililopita tuliandika ukurasa mmoja juu ya Edgard Varèse, mtunzi wa muziki wa majaribio aliyezaliwa Paris na kufia New York. Ni yule wa Ionisation, kazi ya wapigaji 13 ambayo karibu vyombo vyake vyote ni vya kugonga, na ving'ora viwili juu yake. Tulitegemea barua za kulalamikia ving'ora. Zilizokuja zinauliza jina. Tumejibu zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa na mtu mwingine mwenye jina linalomsumbua.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma muziki na naandaa maelezo ya onyesho la wanafunzi. Kitabu kimoja kinasema "Edgar Varèse, 1885–1965", kingine "Edgard Varèse, 1883–1965". Ni watu wawili au kitabu kimoja kimekosea? Kwenye tangazo niandike lipi? — Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Marahaba. Ni mtu mmoja. Andika Edgard Varèse, 1883–1965, usihangaike tena na tangazo. Ila kwa kuwa utakutana na jambo hili tena kwa watunzi wengine, ni vizuri ujue limetoka wapi.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1883 na kupewa majina Edgard Victor Achille Charles. Baba yake ni Henri Varèse, mama yake Blanche-Marie Cortot. Alipokuwa mtu mzima alitumia "Edgar", bila d, kwa miaka mingi, hata kwenye kazi zake zilizochapishwa. Ilipofika miaka ya 1940 akarudia "Edgard". Kwa hiyo kitabu kinachosema Edgar hakijabuni kitu. Kimefuata karatasi za kipindi fulani cha maisha yake. Mwaka 1885 ni jambo lingine kabisa. Ulizunguka kwenye vitabu vya rejea kwa muda mrefu, kitabu kimoja kikinakili kingine, na kinachoupinga ni daftari la vizazi. Vitabu kumi vilivyonakiliana ni shahidi mmoja tu. Usivihesabu kumi.

Ukitaka kuona uthibitisho kwa macho yako, nyaraka za vizazi za Paris kuanzia mwaka 1860 zimewekwa mtandaoni na hifadhi ya jiji, bila malipo. Za kabla ya hapo zilichomeka katika moto wa mwaka 1871, na nyingi zilizopo leo zimejengwa upya kutokana na hati nyingine. Madaftari yamegawanywa kwa mitaa mikubwa 20 ya jiji, na kila mtaa una faharasa ya majina ya miaka kumi kumi. Faharasa unayoitaka ni ya 1883 hadi 1892. Angalia bahati yako hapo: hata mtu aliyeshikilia mwaka 1885 angefungua faharasa hiyohiyo na angelikuta jina. Aliyekwama ni yule aliyekwenda moja kwa moja kwenye daftari la mwaka 1885 akasoma ukurasa kwa ukurasa. Anza na faharasa siku zote.

Ukishapata hati yenyewe, kuna mambo matatu yanayowatatiza wageni. La kwanza, tarehe ya juu ni ya siku mzazi alipokwenda kuandikisha, na sheria ya Ufaransa wakati huo ilimpa siku tatu. Tarehe ya kuzaliwa imo ndani ya maelezo, mistari michache chini. La pili, mwaka haukuandikwa kwa tarakimu bali kwa maneno marefu ya Kifaransa. Hilo linachosha macho lakini ndilo linaloifanya hati kuwa ya kuaminika: kwenye mwandiko wa haraka tarakimu 3 na 5 hufanana, ila "trois" na "cinq" hazifanani hata kwa karani mlevi. La tatu, tazama pembeni. Pambizoni mwa hati za Ufaransa makarani wa baadaye waliongeza kwa mkono taarifa za talaka (tangu 1886), ndoa (tangu 1897) na kifo (tangu 1945). Pambizo mara nyingi ina habari nyingi kuliko hati.

Ukinukuu nota za zamani zenye "Edgar" kwenye jalada, acha kama zilivyo. Kusahihisha jalada la mwaka 1924 ni kumdanganya msomaji kwamba jalada hilo halikuwahi kuwepo.

SWALI: Natafuta habari za Varèse kwenye magazeti ya zamani mtandaoni. Kila nikiandika jina lake naletewa mji wa Italia, mpira wa kikapu, mashindano ya baiskeli na kampuni ya sahani za muziki wa filamu. Bando linakwisha na sijapata hata habari moja ya maana. — Mwandishi wa kujitegemea, Mbezi

JIBU: Mji upo kweli, uko kaskazini mwa Italia na unajulikana kwa kikapu. Kampuni ya sahani nayo ipo, na jina lake lilitokana na huyuhuyu mtunzi. Kosa lako ni kuanza na jina. Jina ndilo jambo linalokosewa zaidi kwenye gazeti la zamani, hasa jina lenye alama juu ya herufi.

Magazeti haya yalipigwa picha, kisha programu ya kompyuta ikasoma picha na kutengeneza maandishi. Unapotafuta, hutafuti gazeti. Unatafuta kile programu ilichodhani imekiona. Herufi è iliyochapwa kwa wino uliosambaa huweza kusomwa kama é, kama tarakimu 6, kama i, au kama herufi mbili "fe". Kwa hiyo Varèse anakaa humo kama Var6se, Varise, hata Varfese. Zaidi ya hapo, safu za magazeti ni nyembamba na maneno hukatwa mwisho wa mstari: "Va-" juu, "rèse" chini. Hilo mashine nyingi hazijui kuliunga.

Fanya hivi. Anza na onyesho ambalo tarehe yake haina ubishi. Hyperprism ilipigwa mara ya kwanza New York tarehe 4 Machi 1923. Amériques ilipigwa Philadelphia tarehe 9 Aprili 1926, Leopold Stokowski akiongoza okestra. Ionisation ni tarehe 6 Machi 1933, New York, akiongoza Nicolas Slonimsky. Déserts ni Paris, tarehe 2 Desemba 1954. Chukua moja, weka kikomo cha tarehe kuanzia siku moja kabla hadi siku saba baada ya onyesho, kisha tafuta jina la kazi au la kiongozi wa okestra. Varèse mwache kwanza. "Hyperprism" ni neno ambalo karibu hakuna mwingine aliyelitumia. "Ionisation" ni baya kwa kazi hii kwa sababu litakuletea fizikia na kemia, kwa hiyo hapo mtafute Slonimsky.

Ukipata habari moja, usikimbilie kuisoma. Fungua kwanza maandishi ghafi yaliyotengenezwa na mashine, yanayokuwa nyuma ya picha (kwenye Gallica, hifadhi ya bure ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, kuna sehemu ya kuonyesha maandishi matupu). Tazama jina limesomwaje. Kama gazeti hilo limelisoma Varise, basi matoleo mengine ya gazeti hilohilo, yenye herufi hizohizo za chuma na yaliyoskaniwa kwa mkupuo mmoja, yana uwezekano mkubwa wa kurudia kosa hilo. Sasa tafuta "Varise" kwa makusudi. Hatua hii moja huleta matokeo mengi kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Baada ya hapo ndipo jina linafaa, na liwe na mwenzake. Varèse pamoja na Salzedo, mpiga kinubi aliyeanzisha naye chama cha watunzi mwaka 1921. Varèse pamoja na Stokowski. Varèse pamoja na Le Corbusier, msanifu majengo, kwa mwaka 1958, pale Poème électronique ilipopigwa ndani ya banda la Philips kwenye maonyesho ya Brussels. Mji wa Italia utaondoka wenyewe.

Mahali pa kutafutia bure: Gallica kwa magazeti ya Ufaransa, na humo usiache Le Ménestrel, gazeti la muziki lililoendelea hadi 1940. Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni kwa magazeti ya huko. ANNO ya maktaba ya taifa ya Austria ni kwa Vienna. Kuhusu bando: picha za kurasa ndizo zinazolimaliza, matokeo ya maandishi ni mepesi. Tafuta kwa simu, kusanya viungo vyote, kisha fungua picha siku ukiwa kwenye mtandao wa chuo au maktaba.

Na kama simu yako haina è kwenye kibodi, bonyeza herufi e bila kuachia, zitatokea e za kila aina. Kwenye kompyuta ya Windows shika Alt uandike 0232 kwa namba za upande wa kulia. Jihadhari na jambo lisiloonekana: è moja inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e ya kawaida ikifuatiwa na alama inayoelea. Kwa jicho ni kitu kilekile, kwa mashine ni vitu viwili. Ukinakili jina kutoka tovuti moja kwenda nyingine na usipate kitu, lifute uliandike upya kwa mkono wako.

SWALI: Nimeambiwa wahamiaji waliofika New York walibadilishwa majina na maofisa wa bandarini. Je, ndiyo sababu Edgard akawa Edgar? Na karatasi zake za Marekani zinapatikana? — Msomaji, Tabata

JIBU: Hadithi hiyo ni tamu lakini haina mashiko. Orodha ya abiria haikuandikwa New York. Iliandikwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea, na ofisa wa Marekani aliikagua ikiwa tayari imejazwa, akiweka alama kwenye majina yaliyokwisha kuwepo. Varèse alifika tarehe 29 Desemba 1915 akitokea Ufaransa, kwa hiyo herufi za kwanza za jina lake kwenye karatasi za huko zilikuwa za karani wa upande wa Ufaransa. Watu waliojibadilisha majina walijibadilisha wenyewe baadaye, kazini, shuleni au mahakamani.

Orodha hizo zinapendeza kwa sababu ya safu zake. Mbali na jina kuna umri, kazi, uraia, mahali alipoishi mwisho, jina na anuani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani, mahali anapokwenda, nani alimlipia nauli, ana fedha kiasi gani, na anamfuata nani. Jina likiwa limeharibika, ndugu aliyebaki nyumbani ndiye anayekuthibitishia. Kumbuka orodha inaendelea kwenye ukurasa wa pili. Wengi hupakua wa kwanza peke yake wakakosa nusu ya habari.

Sensa nayo ina mitego. Ya mwaka 1920 ilihesabu watu waliokuwepo tarehe 1 Januari, za 1930, 1940 na 1950 ni tarehe 1 Aprili. Usimtafute Varèse kwenye sensa ya 1930, alikuwa Paris kuanzia 1928 hadi 1933. Mtu asipoonekana, watafiti wapya husema karani amekosea jina, wakaanza kubuni tahajia mpya. Kwanza hakikisha alikuwepo nchini siku ya kuhesabu.

Kwa sensa za 1940 na 1950 tumia anuani badala ya jina. Nyumba yake tangu 1925 ilikuwa namba 188, Sullivan Street, mtaa wa Greenwich Village. Miji ya Marekani iligawanywa kwa maeneo madogo ya kuhesabia yenye namba, na hifadhi ya taifa ya nchi hiyo imeweka ramani zake mtandaoni. Tafuta eneo linaloshika Sullivan Street, fungua kurasa zake, teremka na namba za nyumba zilizo pembeni hadi 188. Njia hii haijali kama karani alisikia Varese, Verez au Barris. Na angalia jina la mke pia: Louise Norton, aliyechapisha tafsiri zake za mashairi ya Kifaransa kwa jina la Louise Varèse. Kwa usajili wa kijeshi, mwanamume aliyezaliwa 1883 hakuhusika na duru ya Juni 1917, iliyochukua wa miaka 21 hadi 30. Aliingia ile ya tarehe 12 Septemba 1918 iliyochukua wa 18 hadi 45, na wageni nao waliandikishwa. Kuna nyingine ya Aprili 1942 iliyowachukua hata wazee.

Uraia alipata mwaka 1927. Faili la uraia la kipindi hicho huwa na hatua mbili, tamko la nia na ombi lenyewe, na mwombaji hutaja tarehe ya kuzaliwa na meli aliyofikia. Lakini hapo tarehe ni ya kauli yake mwenyewe. Ikipingana na daftari la vizazi, daftari ndilo linashinda, kwa sababu liliandikwa mtoto akiwa na siku mbili tatu na hakuna aliyekuwa na faida ya kudanganya.

SWALI: Mimi ni mkutubi wa shule. Tuna sahani na vitabu vya Schönberg na vya Schoenberg. Mwenzangu ameviweka kwenye rafu mbili. Nani yuko sawa? — Mkutubi, Kariakoo

JIBU: Hakuna, viungane. Arnold Schönberg, mtunzi wa muziki, alizaliwa Vienna tarehe 13 Septemba 1874 na alitumia ö mpaka alipohamia Marekani mwaka 1933. Kuanzia hapo akaandika Schoenberg, na alikufa Los Angeles mwaka 1951 akiwa na tahajia hiyo. Chagua moja iwe kichwa cha kadi, na nyingine iwe kadi ya kuelekeza: "Schönberg, Arnold: tazama Schoenberg, Arnold". Usichague kwa kupenda. Chagua ile ya maktaba ambayo katalogi yake unaifuata, ili siku mkiunganisha kompyuta msianze upya.

Tatizo ni mpangilio wa alfabeti. Kwenye orodha za majina Wajerumani huipanga ö kana kwamba ni oe. Waingereza huiona kama o tupu. Kwa hiyo kwenye katalogi moja Schönberg yuko kabla ya Schofield, kwenye nyingine yuko baada yake, na msomaji anayepekua droo anaweza kuondoka akiamini hamna kitabu. Hakikisha pia rafu hiyo haina wageni. Harold C. Schonberg alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la New York Times, na Claude-Michel Schönberg ni mtunzi wa muziki wa jukwaani. Tumeona vitabu vya mhakiki vikiwekwa chini ya mtunzi katika maktaba zaidi ya moja, na aliyeviweka hana lawama kubwa, maana kadi haikuwa na miaka. Andika miaka ya kuzaliwa na kufa kwenye kila kadi ya jina.

SWALI: Nikolai Roslavets, mtunzi wa Urusi, ana siku mbili za kuzaliwa, tena miaka miwili tofauti. Na Sun Ra, yule wa jazi, ni jina lake la kweli au la jukwaani? — Mpenzi wa jazi na muziki wa Urusi, Kinondoni

JIBU: La Roslavets si kosa. Urusi ilikuwa inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na 13 katika karne ya 20. Tarehe 23 Desemba 1880 ya huko ni tarehe 4 Januari 1881 ya kwetu. Andika zote mbili kwa mkwaju katikati, na usiongeze siku 13 kwa mtu aliyezaliwa kabla ya Machi 1900.

Sun Ra lilikuwa jina la jukwaani, lakini alikuwa na la kisheria lililokaribiana nalo: alizaliwa Herman Poole Blount mwaka 1914 huko Birmingham, Alabama, na mwaka 1952 akabadilisha rasmi kuwa Le Sony'r Ra. Karatasi za kabla ya hapo tafuta Blount. Kinyume chake ni hati ya uvumbuzi namba 2,292,387 ya Marekani, ya tarehe 11 Agosti 1942, inayohusu kurusha mawimbi ya redio kwa kurukaruka kati ya masafa 88, idadi ya vitufe vya piano. Mmoja wa wavumbuzi ni mtunzi George Antheil, kwa jina lake la kila siku. Mwenzake ameandikwa Hedy Kiesler Markey, na anayemtafuta mwigizaji Hedy Lamarr kwa jina la sinema hatampata humo.

SWALI: Babu yangu mzaa baba alikuwa mpiga tarumbeta hapa Dar es Salaam enzi za Mjerumani. Nilisoma ukurasa wenu nikajiuliza kama njia hiyohiyo inaweza kumpata kwenye nyaraka za Upanga. Jina lake Juma bin Shomari, Mzaramo. — Mjukuu, Magomeni

JIBU: Inaweza, ila kwa mpigaji wa kawaida tarajia mstari mmoja kwenye orodha ya mishahara au kesi ndogo, usitarajie faili zima.

Kwanza geuza jina liwe kama Mjerumani angelisikia na kuliandika. Majina ya mahali yanakupa ufunguo, kwa sababu tahajia zake tunazijua. Uzaramo waliandika Usaramo na Zanzibar wakaandika Sansibar, kwa hiyo z yetu itafute kwenye s. Bagamoyo ilikuwa Bagamojo, basi y ni j. Kilimanjaro ilikuwa Kilimandscharo, basi j yetu ni dsch. Mwanza ilikuwa Muansa, basi w baada ya konsonanti huwa u. Mkwawa wa Wahehe yumo kama Quawa, basi kw huweza kuwa qu na m ya mwanzo ikapotea. Sauti ya sh huandikwa sch. Kwa hiyo babu yako mtafute kama Dschuma, Djuma na Juma, na baba yake kama Schomari au Schomar. Andika mchanganyiko wote kwenye karatasi moja kabla hujatoka nyumbani, maana ukifika mezani na faili la kurasa 200 hutakumbuka.

"Bin" ni mtego wa pili. Karani mmoja huandika Juma bin Shomari, mwingine Juma Shomari, mwingine anaishia Juma na kuongeza kabila au kazi. Zaidi ya hapo, kwenye faharasa za Kizungu jina la mwisho ndilo hutangulia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa chini ya J, chini ya S, au, kwa karani aliyedhani "bin" ni jina la ukoo, chini ya B. Kagua zote tatu.

Kisha mwandiko. Mafaili mengi ya kabla ya 1914 yako kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambapo e inafanana na n, s ndefu inafanana na f, na u hutofautishwa na n kwa kikunjo kidogo juu yake. Chapisha jedwali la herufi hizo kwenye steshenari yoyote, ukae nalo. Usianze na jina la babu yako. Anza na neno ambalo una hakika limo, kama Daressalam kwenye kichwa cha barua, uone karani huyo anavyochora a, e na s zake, ndipo uingie kwenye majina. Kama hati ina sahihi ya mhusika, itazame kabla ya yote. Watu wengi wa pwani walitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, na hapo unapata jina kama mwenyewe alivyoliandika huku mstari wa juu ukiwa na jina kama karani alivyolisikia. Mzee wa madrasa atakusomea kwa dakika moja.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Upanga. Kwa mafaili ya Kijerumani kuna mwongozo uliochapishwa Marburg mwaka 1973, omba uoneshwe huo kwanza, kwa sababu mafaili yamepangwa kwa idara na mada wala si kwa majina ya watu. Tafuta zilipo karatasi za jeshi, polisi na malipo ya watumishi wa Kiafrika, uandike namba za mafaili, ndipo ujaze fomu ya kuomba. Piga simu mapema uulize kuhusu kibali, maana utafiti wa chuo hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na wao ndio watakaokueleza mjukuu anayetafuta babu anatakiwa kuleta nini. Beba penseli, acha kalamu ya wino nyumbani.

Ukimpata Juma bin Shomari, bado hujampata babu yako. Ni jina la kawaida mno Uzaramo. Kwa Varèse tunasema ni yeye kwa sababu Henri na Cortot wamo kwenye hati. Kwako dai angalau vitu viwili mbali na jina: kijiji, kazi ya tarumbeta, jina la babu yake, umri unaokaribiana, mtaa aliokaa. Chora safu sita kwenye daftari: jina kama lilivyoandikwa herufi kwa herufi, tarehe, aina ya hati, aliyeiandika na kwa lugha gani, vitu vingine vinavyomtambulisha, na namba ya faili pamoja na ukurasa. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka wakiwa na haraka ya kufunga saa tisa, na wiki inayofuata wanarudi Upanga kuomba mafaili yaleyale wakiwa hawajui jina waliliona wapi.

Waulize pia wazee wa Magomeni na Gerezani kama babu alikuwa na lakabu. Wapigaji wa bendi walijulikana kwa lakabu kuliko majina ya baba zao, na karani aliyekuwa anagawa mshahara kwa foleni huenda aliandika hiyo.